Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu pale Dunga

Hamjambo wanachama wa kikundi chetu cha kutunza kinamasi cha Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, mama zetu, wazee, na nyinyi vijana wa boti. Najua taarifa imechelewa, ilikuwa itoke mapema, kabla mkutano mkuu haujakaribia, lakini katibu alikuwa msibani Siaya na mimi kuandika kwa simu ni kazi, kwa hivyo mahali nimeruka nukta mvumilie tu.

Wacha nianze na aibu. Ile miche mia mbili tulipanda Januari ilikufa karibu yote, na kosa ni langu. Tulikuwa na mgeni, alikuwa na nafasi wiki hio peke yake, nikasema basi tupande, na hapa hakuna asiyejua jua la Januari Kisumu likoje na mvua yenyewe ni Machi. Picha zilitoka poa, tisheti mpya zikang'aa, halafu hakuna mtu alirudi na mtungi wa maji, hata mimi. Mweka hazina akipiga hesabu anasema tisheti zilikula pesa kushinda miche. Na kati ya hio miche kulikuwa na mikaratusi, nani aliipakia kwa gari hatujui hadi leo, mti unakunywa maji vile unaupandaje kando ya kinamasi? Hio ilipokauka sikusikitika, wacha niseme ukweli.

Shida ni kwamba tulipiga picha tukiwa tumeipa mgongo mali yenyewe. Mafunjo, yale matete marefu ya kinamasini. Tumezoea kuyaona mpaka tunayaita vichaka, na kila kiangazi lazima kuna mtu anachoma apate kishamba cha sukuma. Lakini maji machafu ya mitaro yakipita kwa mafunjo yanaacha matope na uchafu mwingi humo kabla ya kufika ziwani. Samaki wadogo wanajificha humo. Wazee wanakumbuka yule samaki mkubwa, mbuta, aliletwa ziwani na watu, miaka ya 50 na 60, akamaliza samaki wengi wa asili, sasa ndani kabisa ya mafunjo maji yana hewa kidogo sana mbuta hawezi kuvumilia, na kuna samaki wetu wa zamani wamepona kwa sababu hio tu. Nzohe pia yumo, yule swara wa majini wa kwato ndefu, ingawa kumuona ni bahati ya mtu anayeamka mapema. Halafu kuna ndege, gonoleki, mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa njano. Wanaimba wawili, mmoja anaanza mwingine anadakia, wewe unadhani ni ndege mmoja. Huyo mafunjo yakiisha hana pa kuhamia.

Sasa mwezi wa tano nilienda kuwaambia wamama wanaosuka mikeka waache kukata mafunjo. Nilikuwa nimejipanga na hotuba. Mama mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, panga liko mkononi, akaniuliza, "Mwenyekiti, hao ndege wako watalipa fee?" Wenzake wakacheka na mimi nikakosa jibu. Akanishika mkono akanipeleka ndani, maji yakafika magoti, akanionyesha vile anakata: ule uliokomaa tu, kichwa kimeanza kugeuka kahawia, ule bado mchanga anauacha, na shina la chini haligusi kwa sababu ndiko unachipukia tena. Upande aliokata mwaka jana ulikuwa umesimama kunishinda urefu. Mahali palipochomwa, kando tu, palikuwa peusi na hakukuwa na sauti ya ndege hata mmoja. Hio siku nilirudi nyumbani bila kumaliza hotuba. Tumekubaliana nao zamu, upande mmoja unakatwa mwingine unapumzika, na wao ndio wanatupigia simu wakiona moshi. Mwaka huu walituita mara tatu na mara mbili tulifika moto ukiwa bado mdogo. Kama kuna kitu kimefanya kazi mwaka huu ni hicho, na hakikuhitaji tisheti.

Kitu kingine, nyuzi za nailoni. Agosti tulikuta mdiria, yule ndege mweusi na mweupe, amening'inia kwa funjo kichwa chini, uzi wa wavu umejizungusha mguuni mpaka umeingia kwa ngozi. Kijana mmoja akamfunika kichwa na kofia, mimi nikakata uzi na wembe, akanidonoa kidole nusura nimuachilie. Aliruka vibaya, sijui kama aliishi. Wavuvi, zile nyavu za uzi mmoja zimekatazwa na mnajua, lakini hata wavu halali ukiraruka usiutupe majini, leta kwa banda, kuna gunia.

Nyumbani ni mambo madogo. Watoto na manati, ongeeni nao. Ndege fundichuma akijenga lile jumba lake kwa mti wako muache, wazee walisema ukimvunjia unajitafutia balaa, na mimi hio imani siipingi kabisa. Maji ya sabuni msimwage kwa mtaro unaoenda ziwani, gugu maji linakula uchafu huo huo halafu tunalalamika boti hazitoki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na bado naiona sokoni, sisemi duka gani.

Kiboko. Usiku anatoka kula nyasi, msipite njia zake gizani, na msisimame kati yake na maji. Akiharibu shamba pigieni watu wa wanyamapori, msimtegee. Sheria ya 2013 inatambua fidia, ingawa kulipwa huchelewa na sitawadanganya.

Pesa, mweka hazina atasoma mwenyewe. Napendekeza mwaka ujao tusinunue tisheti, tununue gambuti za watu wa zamu, na miche michache ya asili, mvua ikishanyesha, kila mche na jina la mtu wa kuumwagilia. Mkipinga pigeni kura.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza, saa nne, pale chini ya mwembe. Na aliyeondoka na panga langu siku ya usafi, lina mpini umefungwa kwa mpira mwekundu, aje nalo.