Mwanangu, lipime godoro kabla ya kulilipia

Bukavu, Jumatatu jioni

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umepata chumba huko Goma na kwamba fundi amekwisha kukutengenezea kitanda. Ila uliponiambia kwenye simu kwamba Jumamosi utakwenda Birere kununua godoro, na kwamba utachukua lililo nene kuliko yote, moyo wangu ulishtuka, nikaona afadhali nikuandikie kwa utulivu.

Nilipoolewa, tulinunua godoro la sponji lenye unene wa sentimita 25, jepesi kiasi kwamba kijana mmoja alilibeba kichwani hadi Kadutu bila kutoka jasho. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limebonyea katikati, nami na baba yako tukawa tunaamka viuno vinatuuma. Sponji nyepesi ina hewa nyingi na kuta za vitundu vyake ni dhaifu. Uzito uleule ukirudi mahali palepale kila usiku, kuta hizo huchoka na hazinyanyuki tena.

Kwa hiyo, mwanangu, omba mizani ya kupimia magunia. Ukichukua godoro la sentimita 120 kwa 190, lenye unene wa 20, na sponji yake ikiwa ya kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, litakuwa na karibu kilo 14. Mizani ikionyesha kilo 7, ujue kwamba unalipia hewa, hata kitambaa chake kiwe na maua mazuri namna gani. Muuzaji asiyetaka lipimwe, mshukuru uende kwa mwingine.

Usichanganye uzito wa sponji na ugumu wake, kama wafanyavyo wengi. Uzito hukuonyesha kama godoro litadumu, lakini ugumu unategemea mwili wa anayelilalia. Baba yako ana mwili mkubwa na hulala chali, ndiyo maana godoro gumu linamfaa. Wewe ni mwembamba, na tangu utotoni hulala ubavu, hivyo gumu kama lile litakufinya bega na nyonga hadi mkono ufe ganzi. Tafuta la wastani, ambalo bega huzama kidogo huku uti wa mgongo ukibaki umenyooka. Lala juu yake palepale dukani, kwa ubavu, dakika 10 nzima, na usione haya. Nenda na rafiki asimame nyuma yako aangalie kama mgongo haupindi kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Likishafika nyumbani kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lifungue siku hiyohiyo, kwa maana sponji iliyokunjwa muda mrefu hukawia kurudi. Vua nailoni yote, kwani jasho hubaki ndani yake na kuleta ukungu, na usilitandike sakafuni hata usiku mmoja wakati huu wa mvua. Kila miezi mitatu, upande wa kichwani uugeuze kuwa miguuni.

Mjomba wako anapanda meli kesho, naye atakuletea mita ya baba yako. Kabla ya Jumamosi pima nafasi iliyopo kati ya mbao za kitanda: ikizidi sentimita 7, mwite fundi aongeze mbao, la sivyo hata sponji nzuri itazama humo.

Ni mimi mama yako.