Barua kwa mwanangu: ndugu wa mjusi wetu yuko Chubut

Mwanangu mpendwa,

Hapa Lindi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Nimepata ujumbe wako kwamba umepangiwa kuandika juu ya miamba ya Cañadón Calcáreo, jimbo la Chubut huko Argentina, nawe unauliza inakuhusu nini. Inakuhusu sana, maana ndani ya miamba ile alilala ndugu wa mjusi wetu, yule dinosaria wa kilima cha Tendaguru hapa Lindi.

Ni miamba mashapo ya mwishoni mwa Jurasiki, mojawapo ya enzi za dinosaria, katika bonde la Cañadón Asfalto. Mito ilitandaza mchanga, kwingine yakatuama maziwa yaliyohifadhi samaki, na volkano zikamwaga majivu. Majivu hayo usiyapite haraka. Mna chembe za madini ya zirkoni zenye urani, na urani hugeuka madini ya risasi kwa kasi inayojulikana. Kwa kupima vyote viwili, wataalamu wamepata umri wa takriban miaka milioni 157. Wakati huo Atlantiki ya Kusini ilikuwa haijafunguka; Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi kavu moja.

Mjusi mwenyewe aligunduliwa na mchunga kondoo wa huko, Daniel Mesa, alipokuwa akitafuta kondoo waliopotea. Mwaka 2005 mtaalamu wa visukuku Oliver Rauhut na wenzake wakamtangaza kwa jina Brachytrachelopan mesai, na hilo mesai ni kwa heshima ya Mesa. Kichwa hakikupatikana, mkia nao karibu wote umepotea, lakini shingo na mgongo vilikuwa bado vimeungana pingili kwa pingili.

Kwenye shingo hiyo, tulia. Dinosaria wa kundi lake tumezoea kuwaona na shingo ndefu za kufikia matawi. Huyu yake ilikuwa fupi kwa karibu asilimia 40 kuliko za jamaa zake wa karibu. Tena ile miiba ya mfupa juu ya pingili imeinamia mbele, kiasi kwamba akijaribu kuinua shingo inagongana. Ndiyo maana wanasema alikula mimea ya chini, ya kimo cha mita moja au mbili. Mwili mzima haukufika urefu wa mita 10.

Nduguye ni Dicraeosaurus, aliyechimbwa hapa kwetu Tendaguru katika uchimbaji wa 1909 hadi 1913, akapewa jina na mtaalamu wa Kijerumani Werner Janensch mwaka 1914. Yuko Berlin hadi leo. Mifupa ile ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kutoka porini hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Inaniuma kuona vijana wa hapa wanajua habari za mjusi wa Berlin na jina la Boheti hawajawahi kulisikia, wakati yule mchunga kondoo wa Chubut jina lake linatajwa kila mnyama yule anapotajwa.

Kwa hiyo katika kazi yako muweke Mesa, na Boheti umuweke, kwa majina yao kamili. Chora pingili mbili za shingo, ya Chubut na ya Tendaguru, kwa kipimo kimoja, uzipange ubavu kwa ubavu. Ukimaliza nitumie nakala. Nataka kuionyesha shuleni hapa kabla hawajafunga.

Ni mimi baba yako