Mpwa wangu, punguza mwendo mapema

Mpwa wangu mpendwa,

Hongera kwa boti mpya. Unasema kikomo cha mwendo ziwani ni madai ya watalii wenye kayaki wasiopenda kelele. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenye boti wengi wa ziwa Bunyonyi, huku Uganda, wanasema hivyo hivyo, ilhali wa kwanza kuumia ni wanafunzi wanaovuka kwenda shule kisiwani Bwama kwa mitumbwi ya kuchonga.

Chukua boti yako ya mita 7. Ikienda kilomita 40 kwa saa, inakata mita 11 kila sekunde. Mwenye kayaki akikuona ukiwa mita 100, ana sekunde 9 tu. Apige kafi kwa nguvu zake zote, kwa kawaida hazidi sana mita 2 kwa sekunde, na lazima kwanza ageuze chombo. Nawe pengine hujamwona kabisa: kichwa chake hakifiki mita moja juu ya maji, asubuhi kuna ukungu, jioni jua linakupiga machoni. Mkigongana, jua kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huwa mara nne. Kutoka kilomita 9 hadi 40 kwa saa ni karibu mara 20.

Hatari ya kila siku, hata hivyo, ni mawimbi unayoyaacha nyuma. Hapa ndipo manahodha wazuri wanapokosea. Wakiona mtumbwi wanashuka kutoka 40 hadi 20 na kudhani wameonyesha heshima. Kumbe katika mwendo huo wa katikati boti haitelezi juu ya maji wala haikati taratibu, inalima. Pua inainuka na kukuziba macho, matako ya boti yanazama, na wimbi linakuwa kubwa kuliko ulipokuwa ukikimbia. Bunyonyi kingo zake ni za mteremko mkali, kwa hiyo wimbi linagonga ukingo na kurudi. Mtumbwi uliojaa viazi, ukingo wake ukiwa kiganja kimoja tu juu ya maji, unajaa kwa mawimbi mawili.

Kipimo cha kushuka kinatokana na urefu wa boti majini: tafuta kipeuo cha pili cha mita zake, zidisha kwa 4.5. Kwa mita 7 utapata karibu kilomita 12 kwa saa. Hapo ndipo boti inapoanza kulima, basi kaa chini yake, kwenye 8 au 9. Simu yenye GPS inatosha kukuonyesha. Kisha tazama nyuma: ukiona povu jeupe juu ya wimbi, bado unakwenda kasi. Anza kupunguza mafuta ukiwa mita 100 kutoka mtumbwini, polepole, kwani ukikata ghafla wimbi lako mwenyewe litakufikia na kumwagikia injini. Wasogeze abiria wawili mbele ili pua ishuke. Mpite mpiga kafi kwa nyuma yake, kamwe usimkate mbele. Na kamba ya kuzima injini ukianguka majini ifungwe mkononi mwako, si kuning'inia.

Unaogopa kupoteza muda? Mita 200 kwa kilomita 9 kwa saa ni sekunde 80. Ukikimbia 40, ni sekunde 18. Tunabishania dakika moja.

New Zealand hawakuweka namba moja kwa ziwa zima. Wanadai usizidi noti 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa, ukiwa ndani ya mita 200 kutoka ufukweni au mita 50 kutoka chombo kingine au mwogeleaji. Uingereza waliweka noti 10 kwa ziwa lote la Windermere tangu 2005. Kwangu mimi, utaratibu wa New Zealand unatufaa zaidi. Kulifunga ziwa Victoria lote kwa namba moja kungekuwa kosa: anayetoka visiwa vya Ssese akiona dhoruba inakuja anauhitaji mwendo wake. Ila mialoni, Ggaba na Port Bell, apunguze kama wote. Bunyonyi ni jembamba, lina kona na visiwa, hivyo karibu kila mahali uko jirani na ufuko au mtumbwi.

Wapiga kafi nao wana wajibu: wavuke njia ya boti moja kwa moja badala ya kuifuata, waende kwa kundi, wavae jaketi za rangi kali, wabebe filimbi. Wimbi likija, waelekeze pua kwake kwa mshazari.

Usisubiri serikali. Pale Rutinda, wewe na wenzako wekeni madumu mawili ya njano ya lita 20, yaliyofungwa vizuri, mita 200 kutoka gatini. Ndani ya hapo kila injini ishuke. Nanga iwe gunia la mawe. Pimeni kina kwanza, muongeze nusu yake kwenye kamba. Nunueni nailoni inayozama, si ile kamba nyepesi inayoelea, maana hiyo itajisokota kwenye propela zenu wiki ya kwanza.

Mjomba wako