Barua kwa mwanangu aliye kambini kwa farasi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema siku ya tatu hii kambini na bado hujapanda farasi. Kazi ni kuzoa samadi na kupiga brashi tu. Najua inavyokuuma, maana safari hii uliihesabia siku. Ila mwalimu wako simlaumu.

Nilipokuwa na umri wako nami nilijifunza kupanda. Siku moja, kwa haraka, nilikaza mkanda wa tandiko mara moja tu, nikapanda. Farasi wengi hujitunisha mkanda unapokazwa, wakitembea kidogo unalegea. Kwenye kona tandiko likazunguka hadi ubavuni, nikaanguka kichwa kwanza. Kofia ngumu ndiyo iliyoniokoa. Farasi alisimama pembeni akitetemeka, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma, kwamba niliyemtisha ni mimi. Kaza, mtembeze hatua chache, kisha kaza tena kabla ya kupanda.

Hiyo brashi inayokuchosha, mwanangu, usiidharau. Donge la tope likibaki chini ya tandiko humchubua mgongo, naye hana namna ya kukwambia ila kuruka na kurusha mateke.

Kwato ndizo hasa ninazotaka uzijue. Simama begani mwake ukiangalia nyuma, mpapase mguu kuanzia juu ukishuka taratibu, mwenyewe atauinua. Chokoa kutoka kisigino kwenda mbele. Katikati ya wayo utaona sehemu yenye umbo la pembetatu, inabonyea kama mpira. Hapo nenda kwa upole, usidunge. Chunguza vifereji vya pembeni yake, kijiwe kidogo kama harage hujificha humo na kumfanya achechemee. Nusa pia. Ukwato unaoanza kuoza una harufu mbaya usiyoweza kuikosea, na ukiisikia mwambie mwalimu papo hapo.

Usimjie kwa nyuma. Anaona karibu pande zote, lakini nyuma ya mkia haoni, wala mbele kabisa ya paji la uso. Mjie ubavuni, usawa wa bega, huku ukimsemesha. Na kamba ya kumwongozea, nakusihi, usiizungushe mkononi kamwe! Akishtuka akakimbia, ni mnyama wa kilo 500 anayekuburura.

Usimlishe kitu bila kuuliza. Farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Ukimwona amekataa nyasi, anageuka kuutazama ubavu wake, anajilaza na kugaragara, huenda tumbo linamuuma, kimbia ukamwite mtu mzima, hata kama ni usiku na unaona haya kumwamsha.

Zamu yako ya kupanda ikifika, shusha visigino, tazama mbele, na hatamu uzishike bila kuvuta. Kisha niandikie masikio yake yalikuwa yameelekea wapi. Na jina lake hujanitajia.

Mzazi wako akupendaye