Wimbo nao upewe stakabadhi

Ndugu Mhariri,

Huu ni mwaka wa kumi na moja nalisoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia, hata siku ile mlipoihamishia Mikindani mkoa wa Lindi. Nilijisemea, binadamu hukosea. Lakini habari yenu ya vibanda vya kuingiza nyimbo, ile yenye picha ya memori kadi zimepangwa juu ya kifuniko cha ndoo, imenikaa kooni. Mmeandika kwamba wimbo "huchakaa" kila unaporushwa kutoka simu hii kwenda ile, kama kanda ya kaseti, na kwamba ndiyo sababu nyimbo zinazozunguka Mtwara zinasikika kama zinapigwa ndani ya debe. Tangu siku hiyo kila mteja anayefika kibandani kwangu anataka wimbo "ambao haujarushwa". Naomba nafasi.

Kaseti ilichakaa kwa sababu utepe ulisuguana na kichwa cha redio, na kila nakala iliongeza mvumo wake juu ya mvumo wa mama yake. Faili halisuguani na kitu. Likopi kwenye flashi, lirushe kwa Bluetooth, lifowadi kwa watu mia tatu. Nakala ya mia tatu ni sawasawa na ya kwanza, tarakimu kwa tarakimu.

Kinachoua wimbo ni kuubana upya. MP3 hupata udogo wake kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Mtu anautoa wimbo kwenye video ya mtandaoni, ambako ulishabanwa, anaugeuza MP3, umebanwa tena. Mwenzake anaupachika kwenye picha ya maua auweke status, mara ya tatu. Wa nne anairekodi skrini yenye ile status. Hapo matoazi yameshakuwa dagaa wanaokaangwa. Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi: MP3 ya 128 (yaani kilobiti 128 kwa sekunde) hula karibu MB 1 kwa dakika, ya 320 karibu MB 2.4. Wimbo wa dakika tano uwe na MB 5 hivi, au 12 ukiwa mzuri. Ukiletewa wa MB 2 na nusu, huo ni wa 64, hata kama umeandikwa HQ, yaani ubora wa juu, mara tatu kwa herufi kubwa. Na anayeupitisha kwenye programu ili usomeke 320 anaongeza maji kwenye uji: sufuria inajaa, unga ni ule ule.

Mbaya kuliko wote ni anayesogeza simu kwenye redio na kushikilia kitufe cha ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kitufe kile kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayesema "mama, nimefika". Kinakata sauti za juu, na kayamba kwake ni kelele. Mfano mnao, maana sidhani kuna grupu hapa mjini ambalo haukupita: ule wimbo wa zamani wenye jogoo. Mtu aliurekodi hivyo hivyo redioni, na katikati ya ubeti wa pili jogoo wa uani akawika, mara mbili, ya pili ndefu. Mwezi uliopita kwenye harusi ya Magomeni mshereheshaji aliupiga kwenye spika kubwa, na ilipofika pale ukumbi mzima ukawika naye, bwana harusi mmojawapo. Mteja mmoja nilimwondolea jogoo kwa kompyuta, kazi ya nusu saa. Alirudi kabla ya adhuhuri kudai nimempa wimbo nusu.

Sasa niulizeni wimbo ule unaitwaje. Hakuna anayejua. Ameimba nani? Wanabishana. Hapa ndipo penye kidonda, Mhariri, na mwandishi wenu alipita pembeni yake kama anayekwepa dimbwi. Korosho yetu ikifika ghalani inapimwa kilo, inapewa daraja, inaandikwa imetoka chama gani cha msingi. Stakabadhi ghalani tumeanza nayo 2007, na leo hata mzee asiyejua kusoma anajua kuidai karatasi yake na kuikunja mara nne kwenye kikoi. Lakini wimbo, ambao mtu alikesha kuutunga, tunaurusha kama ganda la muwa. Ukiutuma WhatsApp kama sauti, simu ya mpokeaji inaufuta jina na kuuita AUD, mkia wake tarehe, kisha WA na namba. Mtu ana nyimbo mia nne zinazoitwa AUD, kisha anakuja kuniuliza ile ya "nanii, ile yenye gitaa". Dawa yake ni kubonyeza alama ya kibanio cha karatasi, kuchagua waraka (Document) badala ya sauti, na kulitafuta faili. Likienda kama waraka linafika na jina lake. Tena ndani ya MP3 kuna nafasi ya kuandika jina la wimbo, mwimbaji, albamu na mwaka, ambayo haifutiki hata jina la nje likiliwa. Programu ya Mp3tag ya kompyuta ya Windows ni ya bure: buruta faili, jaza mistari minne, hifadhi. Ni kazi ya nusu dakika, lakini hakuna anayeifanya, na wenye tovuti za kupakua huijaza nafasi ile kwa jina la tovuti yao, halafu wanapachika na sauti ya mtu anayejitangaza katikati ya kiitikio, utadhani bendi nzima ilikodiwa kumsindikiza.

Matokeo yake kila zilipendwa yenye gitaa tamu inaandikwa Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alikuwa Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, na alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Wimbo ukisifia jambo la miaka ya 80, si wake, tufanyeje? Nimewahi kuona Marijani Rajabu ameandikwa Mbaraka, na sauti zao hazifanani hata kwa kiziwi. Taarabu nayo, kila bibi ni Siti binti Saad. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za kuzunguka mara 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika tatu na ushee. Ukirushiwa "Siti" wa dakika kumi na mbili mwenye kinanda cha umeme, mrudishie.

Msiniambie kuna Shazam, ile programu ya kutambua nyimbo. Naipenda sana, mwaka 2002 kule Uingereza ilikuwa ni kupiga namba 2580, unainua simu kuelekea spika, inakata yenyewe, jina la wimbo linakuja kwa ujumbe mfupi. Lakini inalinganisha alama za rekodi yenyewe, kama alama za vidole, kwa hiyo inatambua tu rekodi iliyomo kwenye ghala lake. Ukiimba wewe haikujui. Wimbo ulioongezwa spidi unaweza kuipotosha. Programu ya Google tangu 2020 inakubali umwimbie au umpigie mluzi kwa sekunde 10 hadi 15, na kwa nyimbo maarufu inafanya vizuri. Mpigie mluzi wa ngoma ya mapiko ya Newala uone itakavyokuletea injili ya Brazili.

Na kwa kuwa mapiko na sindimba haviko kwenye ghala la mtu, anayerekodi ngoma ana wajibu zaidi. Tumia programu ya kurekodi ya simu, achana na kitufe cha WhatsApp. Weka ubora wa juu kabisa, WAV, isiyobana sauti, kama ipo. Iweke simu kwenye hali ya ndege, maana ikiita rekodi inaweza kukatika. Kaa hatua tano hadi saba kutoka kwa wapigaji. Vijana hupenda kusogeza simu hadi kwenye ngozi ya ngoma, sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki. Usiifunike maiki kwa kiganja, mara nyingi iko chini, jirani na tundu la chaji. Na kabla ngoma haijaanza sema kwa mdomo wako: ngoma hii inaitwaje, kijiji gani, tarehe gani, anayeongoza ni nani. Hiyo ndiyo stakabadhi, na imefungwa ndani ya sauti yenyewe.

Memori kadi zenu za pichani, zile za "GB 128 kwa elfu tano" mlizozisifia, nyingi za bei hiyo ni GB 8 zilizofundishwa kusema uongo. Mpaka wimbo wa elfu na kitu mambo ni mazuri, baada ya hapo majina yanaonekana ila hakuna sauti, au mpya unaulalia wa zamani. Ijaze pomoni kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta kabla hujalipa. Hata ikiwa halali, kuanzia GB 64 zinakuja na mpangilio wa exFAT, na sabufa nyingi pamoja na redio za magari zinasoma FAT32 peke yake. Nunua GB 32, lala usingizi. Na kubadili jina kutoka .m4a kuwa .mp3 hakugeuzi kitu, kama vile kumvika mbuzi kanzu.

Tukiwa hapo hapo kwenye kurusha: ukurasa wa nne wa toleo lile lile mmechapisha, kwa kicheko, kile kipande cha video cha kiboko anayekimbiza pikipiki "huko Ruvuma". Nani kasema Ruvuma? Mliyemnukuu ni maandishi ya njano juu ya video. Kipande kile kilikuwa na mishale miwili, maana yake kilikuwa kimeshafowadiwa mikono mitano au zaidi, na WhatsApp tangu 2020 inakuruhusu kukituma mahali pamoja tu kwa mara moja kwa sababu hiyo hiyo. Aliyewaletea hakijui kilikotoka, naye aliletewa. Simamisha video pale picha ilipotulia, piga picha ya skrini, kata maandishi ya juu, itafute kwa Google Lens, kisha shuka mpaka tokeo la zamani kuliko yote, usikomee la kwanza. Kisha tumia macho. Kuendesha kushoto hakusaidii, Msumbiji nao wanaendesha kushoto. Lakini namba za magari yetu ya watu binafsi zinaanza na T, tarakimu tatu, herufi tatu. Na ukiona kibao cha duka nyuma ya kiboko kimeandikwa Farmácia, duka la dawa kwa Kireno, ndugu yangu, umeshavuka mto. Hayo nayaona kwenye simu, sikununua gazeti nikayaone kwenye karatasi. Ndani ya basi la Dar ndiyo usiseme, mtu anakicheka kiboko yule yule kwa spika ya nje kuanzia Mingoyo hadi Nangurukuru, na sikioni kaning'iniza spika za masikio kama hereni.

Pendekezo langu ni hili, na naomba lichapwe kama lilivyo. Kila admini wa grupu mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, aweke faini. Anayerusha wimbo bila mistari mitatu chini yake, yaani jina, mwimbaji, mwaka au angalau "sijui, nimeupata kwa fulani", atoe kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, W320, nyeupe, nzima, isiyo na hata kipande kimoja. W320 kwa makusudi: ni korosho hadi 320 kwa ratili (karibu nusu kilo), kwa hiyo anaweza kukaa akazihesabu, ili siku nyingine akiandika 320 kwenye wimbo wa 64 ajue ameandika nini. Kwa waandishi wa habari, kilo mbili. Korosho zipelekwe kwa aliyerushiwa. Mimi niko tayari kupima, mizani ninayo.

Na wewe uliyemrekodi jogoo, kama unasoma, tuambie ilikuwa redio gani na mwaka gani, kipindi cha asubuhi au cha jioni. Jina la wimbo huenda mtangazaji alilitaja kabla hujabonyeza. Jogoo mwenyewe hatumdai kitu, najua alishaliwa.

Fundi wa kuingiza nyimbo,
Chuno, Mtwara.