Dalali hahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo linalowahusu warithi wanaouza nyumba ya marehemu, hasa hapa Dar es Salaam.

Ilivyozoeleka, dalali wa kwanza kubisha hodi hukabidhiwa bahasha nzima: hati ya nyumba, cheti cha kifo cha RITA, fomu ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi, vitambulisho vya warithi wote na muhtasari wa kikao cha ukoo. Anapiga picha kila karatasi kwa simu yake, na ikifika jioni picha hizo zimo kwenye makundi ya madalali wenzake, kwa watu ambao familia haitawahi kuwaona.

Katika bahasha hiyo, muhtasari ndio wenye madhara makubwa. Mahakama ya Mwanzo huutaka ili ione nani amependekezwa kuwa msimamizi, basi humo huandikwa wajane, watoto wote wakiwemo wa nje ya ndoa, umri wao, namba za simu, saini, mali na madeni ya marehemu, na pengine hata maneno waliyorushiana mawifi. Mnunuzi hana haja na hata mstari mmoja wa hayo. Anachotakiwa kujua ni kama anayeuza ana mamlaka, na jibu liko kwenye fomu ya usimamizi: ina namba ya shauri, aende mahakamani akaihakiki. Kama anataka uhakika kwamba warithi wameridhia, wakili aandike hati fupi ya ridhaa yenye majina na saini tu.

Vitambulisho navyo. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiwa na namba hiyo, sura ya mtu, simu yake na saini yake kutoka kwenye muhtasari, una kila kitu cha kutengenezea hati bandia ya uwakilishi, ile inayomruhusu mtu kuuza kwa niaba ya mwingine. Nakala safi ya hati ya nyumba nayo humpa tapeli namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, akachapishe nyingine inayofanana na kuchukua malipo ya awali kwa watu watatu. Zile kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI hazikuandikwa kwa mapambo.

Karatasi zitoke kwa awamu. Kwenye tangazo wekeni mtaa, ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba, idadi ya vyumba, bei, na aina ya umiliki, yaani kama ni hati, leseni ya makazi au karatasi ya serikali ya mtaa. Basi. Mteja akishaiona nyumba na kutaja bei inayoeleweka, apewe namba ya hati na ya kiwanja ili afanye upekuzi rasmi wa umiliki kwa Msajili wa Hati. Hati halisi aitazame ofisini kwa wakili, simu ikiwa mfukoni. Nakala itolewe mkataba unapoandaliwa, ikiwa imeandikwa kwa kalamu mistari miwili inayokatiza katikati ya maandishi: jina la anayepewa, kazi ya nakala hiyo na tarehe. Ukiandika pembeni, mkasi utaimaliza kazi yako kwa sekunde moja.

Kwenye duka la kutoa kopi, msimtumie mwenye duka nyaraka kwa WhatsApp kisha mkaondoka. Zinabaki kwenye simu yake na kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaishika. Pelekeni karatasi yenyewe, na ile kopi iliyoharibika rudini nayo nyumbani.

Picha za nyumba zipigwe vyumba vikiwa vitupu. Kinachosahaulika ni picha za mahafali ukutani, vyeti kwenye fremu, dawa juu ya kabati, funguo zilizoning'inia nyuma ya mlango, na namba ya mita ya umeme ya LUKU. Simu nyingi pia huhifadhi mahali picha ilipopigwa. WhatsApp huliondoa hilo picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama faili linabaki. Zimeni huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kuanza kazi.

Kabla ya kuuza makabati na masanduku, toeni droo zote na kupapasa nyuma yake. Humo hukaa kadi za kliniki, kadi za CTC (kliniki ya matibabu ya wanaoishi na VVU), taarifa za benki, barua za watoto. Makaratasi ya aina hiyo huuzwa kwa kilo, na ugonjwa wa mtu unaweza kusomwa kwenye kifungashio cha karanga. Choma au chana vipande vidogo. Kompyuta isiuzwe na diski yake, kwani kufuta mafaili peke yake hakuyaondoi. Kama kuna kamera za ulinzi, toeni diski ya kinasa picha, na akaunti iliyo kwenye simu za familia iondolewe kabla ya funguo kukabidhiwa, la sivyo mtakuwa mnaitazama sebule ya mtu mwingine.

Namba ya simu ya marehemu isiwekwe kwenye tangazo wala ukutani. Bado inapokea ujumbe wa benki na ina pochi ya fedha za simu. Salio lake hudaiwa na msimamizi kwa fomu ya mahakama, si na mtoto anayeijua namba ya siri. Laini isiyotumika muda mrefu kampuni huweza kumpa mtu mwingine, kwa hiyo hamisheni mapema kila kilichounganishwa nayo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za miamala ya fedha kuwa nyeti. Mrithi ambaye karatasi zake zimesambazwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ahifadhi picha ya skrini inayoonyesha kundi, namba iliyotuma na tarehe, maana ujumbe hufutwa haraka.

Kwako Mhariri nina ombi. Matangazo ya tanzia gazetini hutaja mtaa, huelekeza hadi mlangoni, huorodhesha watoto na wanakofanyia kazi, kisha husema msafara utaondoka kesho saa 12 asubuhi kwenda Moshi. Mwizi hahitaji maelezo zaidi. Dawati lenu la matangazo liwaulize wafiwa kama kweli wanataka majina ya watoto wadogo na saa ya msafara vichapishwe, na lisipokee picha ya hati kwenye tangazo la kuuza nyumba.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam