Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bendi ya Florida A&M, Viongozi Wake na Usalama wa Vijana Wetu

Ndugu wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita uliiagiza Kamati Tendaji iache kuzungumzia bendi za vyuo vikuu vya Wamarekani weusi kijumlajumla, ichukue bendi moja na kuichambua mpaka mzazi ajue anampeleka mwanawe wapi. Kamati ilichagua Marching 100 ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, mjini Tallahassee. Ni bendi iliyoigwa na wengi, na ni bendi ambayo kosa lake la uongozi limeanikwa hadharani mahakamani. Yote mawili yanatuhusu sisi ambao vijana wetu wako kwenye bendi za aina hii au wanajiandaa kuzijaribu. Masuala ya fedha na orodha ya wanachama yamo katika taarifa za mhazini na katibu, sitayarudia.

Chuo kilianza mwaka 1887. Bendi iliundwa mwaka 1892 chini ya P. A. Van Weller, na mwaka 1910 ikaenda mikononi mwa Nathaniel Campbell Adderley. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940 iliongozwa na Leander Kirksey, mwalimu aliyemlea mpiga saksafoni Cannonball Adderley pale chuoni. Kirksey hatajwi inavyostahili. Bendi haikuokotwa jalalani na aliyemfuata.

Aliyemfuata, mwaka 1946, ni William P. Foster. Alizaliwa Kansas City, jimbo la Kansas, mwaka 1919, akahitimu Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1941. Bendi ya gwaride ya chuo hicho haikumpokea kwa sababu ya rangi yake, na mkuu wake wa masomo alimwambia kwamba mtu mweusi hana kazi ya kuongoza bendi. Foster alikaa Florida A&M miaka 52, hadi 1998. Katikati ya muda huo alichukua shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Columbia (1955), na baadaye akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza chama cha kitaifa cha viongozi wa bendi. Chini yake bendi ilipata tuzo ya Sudler, inayotolewa kwa bendi bora za gwaride za vyuo, mwaka 1985, na tarehe 14 Julai 1989 iliiwakilisha Marekani kwenye gwaride la Paris la miaka 200 ya mapinduzi ya Ufaransa. Baada yake ilipiga na mwanamuziki Prince kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, ya 2007. Sifa hizo mnazijua. La kutushughulisha ni jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Uwanja wa futiboli ya Kimarekani umechorwa mistari kila yadi 5, yaani mita 4.57. Kati ya mstari na mstari mpigaji huenda hatua nane, kila hatua sentimita 57. Kijana mrefu hupitiliza, mfupi hujinyoosha mpaka mabega yacheze, na safu hupinda kwa sababu ya wote wawili. Kipimo ni hatua ya nane: tumbo la unyayo liangukie juu ya mstari, kila mara, bila kutazama chini. Juu ya hapo, mtindo wa bendi hizi ni kuinua goti mpaka paja liwe sambamba na ardhi, vidole vya mguu vikielekea chini na kutangulia kugusa. Mgeni huinua goti kwa kuegemea nyuma. Matokeo yake kiuno kinauma, chombo kinarukaruka, mdomo wa tarumbeta unagonga meno na sauti inakatika. Dawa ni misuli ya tumbo. Kijana afanye mwendo huu bila chombo kwa wiki kadhaa kabla ya kwenda kambini, kisha akiwa ameshika chombo bila kupuliza, ndipo apulize. Mpiga sauzafoni, yaani tuba kubwa inayovaliwa mwilini, aanze mapema zaidi, maana chombo cha shaba kinaweza kufika kilo 15 begani. Foster alipanua pia kasi ya mwendo, kuanzia hatua takriban 20 kwa dakika hadi zaidi ya 300, na muziki wote hupigwa kwa kichwa, bila karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui, nalo ndilo linaloeleza kwa nini nidhamu ni kali hivi. Uwanja una urefu wa mita 91. Sauti huchukua zaidi ya robo sekunde kutoka ncha hadi ncha. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo anayepiga kwa kumsikiliza mwenzake wa ncha ya pili amechelewa zaidi ya nusu ya pigo. Jukwaani watu watasikia fujo ingawa kila mmoja anaamini yuko sawa. Ndiyo maana macho yote huwa kwa dram meja, mwanafunzi anayeongoza bendi uwanjani, na sauti pekee ya kuifuata ni ile inayotoka nyuma yako, kwenye ngoma. Ya mbele yako usiifuate kamwe. Mtu wa miaka 20 mwenye fimbo anawaongoza watu mamia kwa mkono, nao wanamtii bila swali kwa sababu wasipomtii muziki unavunjika.

Utii huo una haki yake uwanjani. Tatizo ni kwamba mazoezi yakiisha hauachwi uwanjani. Unapanda basi pamoja na watu. Mkurugenzi mmoja na wasaidizi wachache hawawezi kuishi na watu mia nne, kwa hiyo kila kundi la chombo lina kiongozi wake mwanafunzi, na chini ya viongozi hao hujitokeza vikundi visivyo rasmi. Pale Florida A&M kulikuwa na kikundi cha wapigaji waliotoka Georgia, kilichojiita Red Dawg Order. Njuka aliyetaka kuheshimiwa ilibidi akubali kipigo. Mwaka 1998 mpiga klarineti aliumizwa hivyo hadi figo zikadhurika, na mwaka 2001 ikawa zamu ya mpiga tarumbeta. Kesi zilifunguliwa, watu wakasimamishwa, utaratibu ukabaki.

Tarehe 19 Novemba 2011, mjini Orlando, baada ya mechi na chuo cha Bethune-Cookman, dram meja Robert Champion, mwenye umri wa miaka 26, alipitishwa ndani ya basi la bendi lililoegeshwa hotelini, kutoka mbele hadi nyuma, huku akipigwa kutoka pande zote. Alifariki usiku huo kwa kuvuja damu ndani ya misuli. Watu 15 walishtakiwa, na mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi 77. Bendi ilisimamishwa. Mkurugenzi Julian White, aliyechukua nafasi ya Foster mwaka 1998, alistaafu Mei 2012, na rais wa chuo akajiuzulu mwaka huohuo.

Naomba tuwe waangalifu kabla ya kumtupia mtu mmoja lawama zote. Novemba hiyohiyo White alikuwa amewasimamisha wapigaji zaidi ya 20 kwa unyanyasaji. Kumsimamisha mtu humwondoa mtu huyo tu. Kiti alichokalia kinabaki, na anayefuata anakikalia kwa desturi ileile. Uchunguzi ulipofanyika ilionekana pia kwamba zaidi ya watu 100 waliokuwa kwenye orodha ya bendi hawakuwa wamejiandikisha katika somo la bendi, ambalo ni sharti. Kwa maoni ya Kamati hapo ndipo penye kiini. Mtu asiye kwenye rejesta ya chuo haogopi kufukuzwa chuo, na mkongwe anayekaa kwenye bendi mwaka wa sita ana nguvu juu ya njuka ambayo hakuna aliyempa.

Bendi ilirudi uwanjani tarehe 1 Septemba 2013, mjini Orlando kulekule, ikiwa ndogo na chini ya Sylvester Young. Masharti mapya yalilenga mianya hiyo: wanafunzi wa muda wote wa chuo hicho tu, ukomo wa miaka minne kwenye bendi, mazoezi yasiyozidi saa 20 kwa wiki, na ofisa wa kufuatilia utekelezaji. Mwaka 2016 uongozi ulikwenda kwa Shelby Chipman, na Juni 2022 bendi ilipiga kwenye onyesho la mitindo la Louis Vuitton jijini Paris. White, Young na Chipman wote walikuwa wapigaji wa bendi hiyohiyo chini ya Foster. Kurithishana namna hii hulinda mtindo kuliko kitabu chochote. Lakini aliyelelewa na nyumba huzoea kelele zake, na kwa hiyo yule ofisa asiyetoka ndani ya bendi si pambo.

Kutokana na hayo, Kamati inaomba kila mzazi, kabla ya kusaini chochote, aiulize bendi husika maswali yafuatayo na kudai majibu kwa maandishi. Nani hulinganisha orodha ya bendi na rejesta ya chuo, na mara ngapi kwa muhula? Mtu mzima yupi anakaa ndani ya kila basi, si ndani ya gari la nyuma, na anashuka saa ngapi? Baada ya mechi, kati ya uwanja na kulala, ratiba inasema nini? Malalamiko yanapelekwa kwa nani asiyekuwa kiongozi wa kundi wala mkurugenzi? Bendi yenye utaratibu hujibu siku hiyohiyo.

Kwa wazazi walioko Florida: tangu 2005 unyanyasaji wa aina hii ukisababisha jeraha kubwa au kifo ni kosa la jinai, na kijana kusema alikubali mwenyewe hakumwondolei hatia aliyempiga. Mweleze mwanao hilo kabla hajaondoka, maana njuka wengi hunyamaza kwa kudhani wameshajifunga.

Na kwa wote: misuli ikipondwa kwa kipigo, au ikisukumwa kupita kiasi kwenye joto la Agosti, humwaga protini inayoziba figo. Dalili ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola, misuli iliyovimba na migumu, na udhaifu usioisha kwa kupumzika. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe ukweli wa kilichotokea.

Maswali haya yameandaliwa kama fomu ya ukurasa mmoja, iliyoambatanishwa na taarifa hii. Wenye vijana wanaoingia bendi msimu ujao waipeleke kwa wakurugenzi sasa, na nakala za majibu zimfikie katibu kabla ya kambi za Agosti kuanza, ili Kamati iweze kuwapigia wale ambao hawajajibu.

Mwenyekiti